Kulinganisha dhiki ya mtaa kwa mtaa: viashiria, uzito, na mahali orodha inapoharibika

#1 Kipimo Sawa

Wakuu, kila bajeti ya halmashauri ikikaribia, na kila mradi wa maji au vyoo ukiingia, swali ni lile lile: tuanze na mtaa upi? Na kila mara anatokea mtu na jedwali la Excel lenye safu tano. Kajumlisha asilimia, kagawa kwa tano, katangaza mtaa wa kwanza kwa dhiki. Ukimfutia safu moja tu, mtaa wake wa kwanza unakuwa wa nane.

Uzi huu ni wa kuweka kazi hiyo sawa. Mifano mingi itakuwa ya Dar es Salaam, lakini wa Nairobi, Mombasa, Bujumbura na kwingineko mnakaribishwa.

Nianze na maneno. Umaskini wa kipato na umaskini usio wa kipato, kama tulivyozoea kuvitenganisha tangu enzi za MKUKUTA, ule mkakati wa taifa wa Tanzania wa kupunguza umaskini, ni vitu viwili. Cha kwanza kinapimwa kwa matumizi ya kaya. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya binafsi wa 2017/18 ndio uliotoa ile asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Sampuli yake inashuka hadi mkoa, basi. Ukiichukua useme Tandale imeizidi Manzese, hiyo si takwimu tena, ni ramli.

Kwa ngazi ya mtaa tunabaki na sensa, nayo haiulizi mtu anapata shilingi ngapi. Inauliza maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, sakafu ya nini, mnapikia nini, vyumba vya kulala vingapi, nani kasoma hadi wapi. Basi tunachopima ni vile ambavyo kaya inavikosa, tukihesabu kwa eneo. Nitaita dhiki, na matokeo yake fahirisi ya dhiki, yaani namba moja kwa kila eneo. Mwenye neno bora alete.

#2 binti_ramani

Kabla ya viashiria, mkuu, kizio, yaani eneo dogo unalolipima. Hapo ndipo orodha nyingi zinapofia.

Chukua kata ya Msasani. Ndani yake kuna Masaki na Oysterbay, na ndani yake hiyo hiyo kuna Bonde la Mpunga, Makangira na Mikoroshini. Ukitoa wastani wa kata, majumba ya ukuta mrefu yanafunika vyumba vya kupanga vinavyojaa maji mvua ikinyesha, na kata nzima inaonekana ya kati. Wa Bonde la Mpunga wamepotea kwenye karatasi. Sasa shuka hadi mtaa, ngazi iliyo chini ya kata: kata ile ile inakupa mitaa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Takwimu hazijabadilika hata moja, umebadilisha mipaka tu.

Kanuni ninayoitumia: kizio kiwe kidogo kiasi kwamba watu wake wanafanana, lakini kisiwe kidogo hadi kaya kumi zikihama namba inaruka. Waingereza wametengeneza vizio maalumu kwa kazi hii, kila kimoja na watu kama 1,500 hivi. Fahirisi yao ya 2019 ilikuwa na vizio 32,844. Sisi mitaa yetu haikuchorwa kwa takwimu, ilichorwa kwa utawala, kwa hiyo mmoja unaweza kuuzidi mwingine kwa idadi ya watu mara kadhaa. Suluhisho ni maeneo ya kuhesabia watu, yale ya sensa, ambayo yalikatwa yakaribiane kwa ukubwa. Yaunganishe yaliyo jirani na yanayofanana mpaka upate kaya 300 hadi 500, na usivuke mpaka wa mtaa, maana bajeti inafuata mtaa.

#3 Wa Eastlands

Niongezee kutoka Nairobi, na tahadhari ya lugha: kwetu ‘kata’ ni location na ‘kata ndogo’ ni sub-location, ilhali Tanzania kata ndiyo wadi yetu. Nimeona watu wakiweka jedwali la Kenya na la Tanzania bega kwa bega, safu zote mbili zimeandikwa kata. Ni kulinganisha embe na fenesi.

Jambo la pili ni kigawanyo. Kibera iliimbwa miaka mingi kuwa na watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Sasa fikiria umehesabu vyoo vya umma vya hapo, ukagawanya kwa ile milioni: watu kwa kila choo wanakuwa karibu mara sita ya hali halisi. Kwenye dhiki watu hubishana kuhusu kinachohesabiwa juu, kumbe kosa liko chini ya mstari.

#4 Mwanafunzi wa Takwimu

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: kwa nini tusichukue tu fahirisi ya Townsend? Ina viashiria vinne, iko wazi, inafanyika hata kwa mkono.

#5 Kipimo Sawa

Marahaba. Swali zuri, maana likijibiwa nusu ya kazi imeisha.

Townsend na wenzake waliitumia kaskazini mwa Uingereza, kitabu kikatoka 1988. Viashiria ni hivi: asilimia ya wasio na ajira miongoni mwa nguvukazi, kaya zisizo na gari, kaya zisizomiliki nyumba, na kaya zenye zaidi ya mtu mmoja kwa chumba. Ilete Dar uone inavyopasuka.

Gari: mitaa mingi kaya zisizo na gari ni karibu zote. Kiashiria ambacho kila mtaa una asilimia 90 na kitu hakitenganishi chochote, kinakuchagulia Masaki na Mbezi Beach halafu kinalala.

Kumiliki nyumba: hapa ndipo pabaya zaidi. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mwenye nyumba anakaa kimoja au viwili na vingine anapangisha. Mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne anahesabiwa mmiliki, yaani mwenye nafuu. Meneja anayepanga ghorofani Mikocheni anahesabiwa hana nyumba, yaani mwenye dhiki. Kiashiria kimegeuka kichwa chini.

Ajira: ‘huna ajira’ kwa maana ya sensa ni anasa. Mtu anayetembeza maji ya kunywa jua kali kutwa nzima anahesabiwa ana ajira.

Msongamano: huo unabaki, lakini mtu mmoja kwa chumba ni kipimo cha kwao. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wanatumia zaidi ya watu watatu kwa chumba, na hicho ndicho kinachotenganisha mitaa yetu.

Kwa hiyo chukua njia ya Townsend, viashiria viache huko huko. Kila kiashiria kifanyie jaribio hili kabla hakijaingia: kiwe na tofauti kati ya mitaa (kama mingi iko chini ya asilimia 5 au juu ya 95, kitoe), kielekee upande mmoja kote, na kisiwe pacha wa kingine. Sakafu ya udongo na ukuta wa udongo vikiwa na uhusiano wa kitakwimu wa 0.9, yaani vinapanda na kushuka karibu pamoja, ukiviweka vyote viwili umempigia mtu kura mara mbili.

#6 binti_ramani

Kwenye choo na maji naomba tuongee kwa undani, maana dodoso linakudanganya.

Choo. Jedwali litakuandikia ‘choo cha shimo chenye bamba la zege’, ukakiweka upande wa vilivyoboreshwa. Swali la kwanza: kinatumiwa na kaya ngapi? Kwa vigezo vya WHO na UNICEF, choo kilichoboreshwa kikitumiwa na kaya mbili au zaidi kinashuka daraja. Kwenye nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja ndiyo kawaida. Swali la pili haliulizwi kabisa: kikijaa kinakwenda wapi? Pale ambapo gari la majitaka halipenyi vichochoroni, mvua kubwa ikinyesha watu hutapisha, yaani wanatoboa shimo pembeni ili kinyesi kiondoke na maji ya mvua. Mtaa mzima unaweza kuwa na asilimia 80 ya vyoo vilivyoboreshwa na bado ukatapishiwa. Kiashiria mbadala unachoweza kukipata bila kuuliza mtu ni umbali wa mlango kutoka barabara ambayo gari inaweza kuingia. Pima kwa QGIS, programu ya ramani, juu ya ramani huria. Kwa Dar majengo na njia vilichorwa kwa wingi kupitia mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, pamoja na mifereji na maeneo yanayofurika. Kaya iliyo mbali kuliko mpira wa gari la majitaka unavyofika, iandike imekosa.

Maji. ‘Bomba’ si jibu. Bomba la ndani, la uwanjani, la jirani, na kioski ni maisha manne tofauti. Piga hesabu: uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti imefika 5,000. Likiuzwa 300 na wa mkokoteni, ni 15,000. Aliye na mita yake analipa bei ya mamlaka. Kwa hiyo anayenunua kwa jirani mhesabu amekosa, hata kama dodoso limeandika bomba. Na safari ya kwenda na kurudi pamoja na foleni ikizidi dakika 30, vigezo vile vile vya WHO na UNICEF vinakishusha chanzo daraja.

#7 Fundi Hesabu

Sasa kujumlisha. Mfano wa kubuni, mitaa mitano, viashiria viwili, ili kila mtu ajaribu kwa kalamu.

Kaya zisizo na maji uwanjani: A 20, B 40, C 50, D 60, E 80. Wastani 50. Tofauti na wastani: −30, −10, 0, 10, 30. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumla 2,000, gawa kwa 5 upate 400, kipeuo chake ni 20. Huo ndio mkengeuko sanifu. Gawa kila tofauti kwa 20, alama sanifu ni: A −1.5, B −0.5, C 0, D 0.5, E 1.5.

Kaya zenye zaidi ya watu watatu kwa chumba: A 10, B 30, C 40, D 20, E 25. Wastani 25, mkengeuko sanifu 10. Alama: A −1.5, B 0.5, C 1.5, D −0.5, E 0.

Jumlisha. A −3.0, B 0, C 1.5, D 0, E 1.5. C na E sare. Sasa yape maji uzito wa asilimia 60 na msongamano 40: E inapata 0.9, C inapata 0.6. Geuza, maji 40 na msongamano 60: C inapata 0.9, E 0.6. Hakuna kaya iliyohama wala bomba lililokatika, nani wa kwanza kaamuliwa na aliyeshika kipanya.

Makosa ya hatua hii ni matatu. La kwanza, kusahau kugeuza alama: kiashiria kimoja kimeandikwa ‘wenye umeme’, vingine ‘wasio na’, mtu anajumlisha hivyo hivyo. La pili, kujumlisha asilimia mbichi bila kusanifisha, ndipo kiashiria chenye mtawanyiko mkubwa kinameza vingine. La tatu, mkia mrefu: mtaa mmoja una 70 na mingine yote iko kati ya 2 na 8. Huo mmoja unavuta wastani na mkengeuko mpaka tofauti za wengine zinafutika. Ndiyo maana Townsend waliziweka kwanza kwenye logarithimu asilia ajira na msongamano, wakiongeza 1 ili sifuri isilete kosa.

#8 Wa Eastlands

Fundi, hapo kwenye uzito ndipo ninapobisha. Ukisema kila kiashiria sawa, hujakwepa kuamua. Ukiwa na vinne vya nyumba na kimoja cha elimu, nyumba tayari ina asilimia 80.

#9 Kipimo Sawa

Ni kweli tupu. Dawa ni kupanga kwa nyanja kwanza, kisha ugawe uzito ndani ya nyanja. Fahirisi ya Uingereza ya 2019 ina nyanja saba: kipato 22.5, ajira 22.5, elimu 13.5, afya 13.5, halafu uhalifu, vikwazo vya makazi na huduma, na mazingira ya kuishi 9.3 kila moja. Unaweza kuubishia uzito huo, na ndiyo faida ya kuuandika ukutani.

Wana ujanja mwingine unaofaa kuigwa. Ukijumlisha alama za kawaida, mtaa wenye elimu mbovu kabisa lakini hewa safi unasafishwa na hewa. Wao wanazipanga nafasi za kila nyanja kati ya 0 na 1 (hiyo ndiyo R), kisha wanazipinda zitoe alama mpya X, ambapo ln ni logarithimu asilia: X = −23 × ln(1 − R × (1 − e^(−100/23))). Mtaa ulio katikati, R ya 0.5, unapata kama 15.6 tu. Asilimia 10 yenye dhiki kubwa zaidi inatandazwa kati ya 50 na 100. Hivyo uzuri wa nyanja moja hauwezi kufuta kirahisi ubovu wa nyingine. Kwenye Excel ni fomula ya mstari mmoja, ila angalia R iende na dhiki: mwenye dhiki zaidi awe 1. Ukikosea upande hapo, Oysterbay ndiyo itakayopata mradi wa vyoo.

#10 Mwanafunzi wa Takwimu

Na ile njia ya kuacha kompyuta ipange uzito yenyewe, uchambuzi wa vijenzi vikuu? Naona tafiti za afya zinapata fahirisi ya utajiri kwa njia hiyo.

#11 Fundi Hesabu

Inafaa, ila usidhani kompyuta ina busara. Inakipa uzito mkubwa kiashiria kinachoambatana na wenzake, si kinachoumiza watu zaidi. Choo kinachofurika kinaweza kupata uzito mdogo kwa sababu tu hakiendi sambamba na kumiliki televisheni.

Halafu: ukitumia uzito uliokokotolewa kwa nchi nzima, sehemu kubwa ya Dar inaangukia tabaka la juu, maana mizani inaongozwa na umeme, sakafu ya saruji na simu. Kokotoa upya kwa kaya za mjini peke yake, na umiliki wa ng’ombe uutoe kwenye viashiria. Na tazama kama kijenzi cha kwanza, kile kinachotumika kuwa fahirisi, kina alama ya jumlisha au ya kutoa: programu inaweza kukurudishia hasi badala ya chanya, orodha nzima ikapinduka. Hakikisha ‘sakafu ya udongo’ iko upande unaoutarajia kabla hujachora ramani.

Mimi napendelea njia ya Alkire na Foster kwa mitaa. Unapima kaya moja moja. Kila kaya inahesabiwa imekosa nini kwa uzito. Ikikosa theluthi moja au zaidi, iko ndani ya dhiki. Kisha zidisha sehemu ya kaya zilizomo kwa wastani wa ukali wake. Kaya 40 kati ya 100, kila moja ikikosa wastani wa nusu: 0.40 × 0.50 = 0.20. Mtaa mwingine kaya 25, wastani asilimia 80: 0.25 × 0.80 = 0.20. Fahirisi sawa, kazi tofauti. Wa kwanza unahitaji huduma ya mtaa mzima, wa pili unahitaji kuzifuata kaya zenyewe. Wastani wa kawaida usingekuonyesha hilo. Sharti lake moja: uwe na data ya kaya, jedwali la asilimia za mtaa halitoshi.

#12 binti_ramani

Kwa wanaofanya utafiti wao badala ya sensa: kaya 30 kwa mtaa hazitoshi. Ukipata asilimia 40, kosa la sampuli ni kipeuo cha (0.4 × 0.6 ÷ 30), karibu 0.089. Zidisha kwa 1.96 uone: 40 jumlisha au toa 17.5. Mtaa wa 40 na mtaa wa 55 hapo hujawatenganisha. Kwa kaya 400 unashuka hadi pointi 4.8. Na hiyo ni kama kaya zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Ukimwachia mjumbe akuzungushe, atakupeleka kwa anaowajua, na wapangaji wa vyumba vya uani hawatafikiwa. Wale wanaotoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku pia watakosekana, kwa hiyo rudi jioni na Jumapili.

Ukilazimika na sampuli ndogo, vuta namba ya mtaa kuelekea wastani wa kata au wilaya kadiri ilivyo dhaifu. Waingereza wanafanya hivyo hivyo.

#13 Mwanafunzi wa Takwimu

Na picha za setilaiti? Mapaa yanahesabika bila dodoso.

#14 binti_ramani

Mapaa yanakupa msongamano wa majengo na udogo wake, na hapo yanasaidia sana. Ila nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina paa kubwa kuliko nyumba ndogo ya familia moja ya daraja la kati, kompyuta inaona utajiri. Godauni nalo ni paa kubwa jeupe lisilo na mtu, na Vingunguti yamejaa. Yachuje kwanza kwa matumizi ya jengo.

#15 Wa Eastlands

Swali la mwisho kwangu. Orodha ya 2012 na ya 2022 zinalinganishika? Mtaa ulikuwa wa 10, sasa wa 30, diwani anapiga makofi.

#16 Kipimo Sawa

Nafasi haikuambii kama mtaa umeinuka, inakuambia umesimama wapi kwenye foleni. Wengine wakidorora, wewe unapanda bila kuongeza hata koki moja. Jaywick, pale pwani ya Essex, imekuwa ya kwanza kwa dhiki Uingereza kwenye orodha za 2010, 2015 na 2019, na orodha hizo haziwezi kusema kama maisha huko yameboreka au la.

Kama unataka mabadiliko, shikilia vigezo vile vile na mstari ule ule wa kukosa, tumia Alkire na Foster, na panga upya mipaka ya 2012 ifanane na ya 2022. Wilaya za Ubungo na Kigamboni zenyewe hazikuwepo kwenye sensa ya 2012. Na huyo diwani muulize waliopungua wameenda wapi. Mtaa ukibomolewa kupisha barabara, wapangaji wakahamia pembezoni, fahirisi inashuka vizuri sana.

#17 Fundi Hesabu

Kabla ya kuchapisha: endesha hesabu mara 1,000, kila mara uzito wa nyanja ukipandishwa au kushushwa kwa bahati nasibu ndani ya robo yake, na andika nafasi ya kila mtaa. Mtaa ambao katika mara 950 uko ndani ya kumi za mwanzo, peleka bomba. Mtaa unaoruka kati ya nafasi ya 6 na ya 41, usiupe nafasi, uweke kwenye kundi. Mimi natoa makundi matano na jedwali la kila nyanja pembeni. Eneo lenye kaya chini ya 30 lisichorwe peke yake, maana majirani watajua unamsema nani.

#18 Mwanafunzi wa Takwimu

Hiyo ya mara 1,000 inafanyika kwenye Excel?

#19 Fundi Hesabu

Inafanyika. Kwa kila nyanja weka RAND() ukiinyoosha iwe kati ya 0.75 na 1.25, zidisha kwa uzito wa asili, kisha gawa kila mmoja kwa jumla yao ili warudi kuwa 1. Hiyo hatua ya kugawa usiiruke. Alama za mwisho zitoe nafasi kwa RANK, halafu tumia jedwali la data (Data Table) lenye mistari 1,000, safu moja kwa kila mtaa. Ila zima ukokotoaji wa kiotomatiki kwanza, la sivyo mashine itaganda kila ukibonyeza Enter.